Pwani si ufuo pekee: Mwongozo wa matembezi kati ya Kilifi na Malindi

WAKENYA wengi wanaozuru Pwani wakati wa likizo hurejea makwao wakiwa wameona mchanga, maji na kuta za hoteli pekee. Ilhali katika Kaunti ya Kilifi, kwenye ukanda usiozidi mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Mombasa, kuna msitu wa asili, magofu ya mji wa kale, hori lililozungukwa na mikoko, mbuga za baharini na bonde la mchanga wa rangi rangi. Sehemu kubwa ya vivutio hivyo yaweza kutembelewa kwa matatu, bodaboda na miguu.

Hata hivyo, matembezi ya Pwani yana kanuni zake. Anayezipuuza huhatarisha maisha yake, na pia huwaharibia riziki wenyeji wanaoutegemea msitu na bahari.

Majira ya kusafiri

Pwani huongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hadi Machi, nayo huja na joto jingi. Kusi huanza kushika nguvu Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti bahari huchafuka, mawimbi yakawa makubwa nje ya miamba. Baina ya pepo hizo ndipo penye tanga mbili, wakati bahari inapotulia.

Kwa mtu anayetaka kuona samaki na matumbawe, miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo bora. Mvua za masika, ambazo hufikia kilele chake mwezi Mei, huufanya Mto Sabaki umwage matope mekundu baharini karibu na Malindi, na maji huwa na giza. Kwa upande mwingine, kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita katika bahari ya Watamu wakitoka kwenye maji baridi ya kusini, na wapo manahodha wanaowapeleka wageni kuwatazama.

Kuyajua maji

Hakuna jambo linalowahangaisha wageni kutoka bara kama kupwa na kujaa kwa maji. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili yaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Katika siku za bamvua, maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Huo ndio wakati ambapo wageni wa Watamu huweza kutembea kwa miguu juu ya mchanga na mwamba hadi kwenye visiwa vidogo vilivyo mbele ya ufuo. Kurudi ndiko kwenye hatari. Maji hayapandi kwa kasi moja: katika saa ya kwanza huongezeka kidogo tu, kisha katika saa ya tatu na ya nne hupanda kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote. Mtu anayesubiri hadi aone maji yamefika magotini huenda akakuta mkondo kati yake na nchi kavu umekuwa na kina kinachomshinda.

Kwa hivyo, kabla ya kuingia mwambani, muulize mvuvi au mwendesha mashua saa ambayo maji yataanza kujaa, na uanze kurudi kabla ya saa hiyo. Vaa viatu vyenye soli ngumu, kwani kwenye mwamba kuna wanyama wenye miiba, na samaki fulani mwenye sumu ambaye hufanana na jiwe. Watoto wasiachwe peke yao hata maji yakionekana kuwa machache. Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui kina chake.

Mbuga za baharini

Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani yake uvuvi hauruhusiwi, na ndiyo sababu samaki huonekana kwa wingi. Ada hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na raia hutozwa kiasi kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje. Kwa hivyo usisahau kitambulisho. Siku hizi malipo hufanywa kwa njia ya mtandao au simu, si kwa pesa taslimu.

Nauli ya mashua ni jambo jingine. Patana bei kabla ya kupanda, na uulize kama inajumuisha miwani ya mbizi na ada ya mbuga. Usikubali kuondoka ufuoni bila jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, hata kama wewe ni mwogeleaji hodari.

Ukiwa majini, usisimame juu ya matumbawe. Hayo ni viumbe hai, na hukua polepole mno. Mwaka wa 1998 joto la bahari liliyaua matumbawe mengi katika Pwani ya Kenya, na mengine bado yanajijenga. Vivyo hivyo, usinunue magamba ya kasa wala makombe yaliyotolewa baharini. Kasa hutaga mayai kwenye fuo za Watamu, na mwangaza wa tochi au simu usiku huweza kumfanya arudi majini bila kutaga.

Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu huu wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 mraba ndio mabaki makubwa zaidi ya misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Humo mnaishi sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama ambaye haonekani nje ya pwani ya Kenya, pamoja na bundi mdogo wa Sokoke. Zaidi ya aina 230 za ndege zimerekodiwa.

Wakati mzuri wa kuingia ni alfajiri, kabla jua halijawa kali. Chukua mwongozaji kutoka kwenye kituo cha msitu kilichoko karibu na Gede. Msitu una ndovu, njia zake hufanana, na bundi huyo mdogo ni vigumu kumwona bila mtu anayejua mti anakolala mchana. Beba angalau lita mbili za maji kwa kila mtu na uvae suruali ndefu.

Gede na Mida

Umbali mfupi kutoka msituni kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Kaburi moja hapo lina maandishi ya mwaka wa 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Mnamo Julai 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliorodhesha mji huo kuwa Turathi ya Ulimwengu. Usipande kuta wala usiwalishe kima. Wamezoea kunyang'anya chakula na huweza kuuma.

Kando ya magofu hayo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka wa 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga, hivyo wakapata faida kutokana na miti iliyosimama.

Katika hori la Mida, daraja la mbao na kamba hupita juu ya mikoko hadi ukingoni mwa maji. Ada inayotozwa huchangia karo ya wanafunzi wa shule za sekondari kutoka familia zinazouzunguka msitu. Ndege wahamiaji huwa wengi kuanzia Septemba hadi Aprili, na huonekana karibu zaidi maji yanapojaa na kuwasukuma kuelekea nchi kavu.

Marafa

Kaskazini mwa Malindi kuna bonde la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari. Mvua na upepo vimechonga mchanga na udongo ukawa minara myeupe, mekundu na ya manjano. Joto la mchana huko ni kali. Fika alasiri, wakati rangi zinapokolea. Epuka kuteremka baada ya mvua, kwani udongo huteleza na kingo humeguka.

Adabu na usalama

Wageni wakumbuke kuwa wanaingia katika miji ya watu. Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni, si ya sokoni wala karibu na msikiti. Omba idhini kabla ya kumpiga mtu picha. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008, haiingiwi bila ruhusa ya wazee, na hakuna kitu kinachotolewa humo, hata kijiti.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Beba chupa ya kudumu.

Kwa usafiri, matatu za Mombasa kwenda Malindi, safari ya kilomita 120 hivi, hupita Kilifi na Gede. Anayekwenda Watamu hushuka katika njia panda ya Gede na kuchukua tuktuk au bodaboda. Wanaotoka Nairobi kwa reli hushukia Miritini, na wapange kufika mapema ili wasisafiri usiku.

Mwisho, Pwani ina malaria. Lala ndani ya chandarua na upake dawa ya kufukuza mbu jioni. Ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi bara, nenda ukapimwe mara moja, na umweleze daktari kuwa ulikuwa Pwani.