Mwenye Nyumba ni Nani Ndani ya Kompyuta?

Wiki hii nataka tuwazungumzie wageni wasiobisha hodi. Sisemi juu ya wezi wala wadai kodi. Nasema juu ya zile programu ndogondogo zinazokaa kimya ndani ya kompyuta za nyumbani, zikiamka kila mashine inapowashwa, zikiwauliza mabwana zao ughaibuni kama kuna toleo jipya. Mwenye kompyuta huona dalili tu. Mashine imekuwa nzito kama mkokoteni wa mchanga, na bando alilonunua asubuhi limekwisha kabla ya adhuhuri. Ndipo anapouliza: nani aliwakaribisha hawa?

Jibu limo katika historia. Mwaka 1963 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa na programu zilizofanya kazi chinichini bila kungoja amri ya mtu, wakaziita "daemon", yaani pepo. Jina walilitoa kwa pepo wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell, aliyepanga chembe za hewa bila kuchoka. Pepo yule alikuwa mtumishi. Neno hilo tulishike.

Kompyuta ya mezani ya IBM ilipotoka mwaka 1981, kwa kawaida iliendesha programu moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1984 kampuni ya Borland ikauza Sidekick, iliyojibanza katika kumbukumbu ya mashine ikingoja kuitwa kwa vitufe. Ilikaa ndani, naam, lakini mwenye kompyuta ndiye aliyeinunua na ndiye aliyeiita. Alipoichoka aliiondoa. Toleo jipya la programu kwa kawaida lilikuja kwa diski. Ukitaka unaliweka, hutaki unaacha.

Intaneti ndiyo iliyobadili mambo. Windows 98 ilikuja na huduma ya kuchukua marekebisho mtandaoni, lakini ilikubidi uende mwenyewe kuyafuata. Mwaka 2000, katika Windows Me, marekebisho yakaanza kujileta. Wengi waliyazima, na kwa muda ilionekana wana akili.

Kisha ukaja mwaka 2003. Tarehe 16 Julai Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Tarehe 11 Agosti, hata mwezi haujatimia, mnyoo ulioitwa Blaster ukaingia kwa tundu lile lile katika mashine ambazo hazijatiwa kiraka, ukizifanya zizime na kuwaka zenyewe. Somo likarudiwa mwaka 2017. Kiraka kilitoka tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Marekebisho ya usalama ni mgeni wa aina hiyo.

Lakini mlango ukishakuwa wazi, hapiti tabibu peke yake. Wachuuzi nao hufuata. Mwaka 2008 programu ya Apple ya kuleta marekebisho ilianza kuwapa watumiaji wa Windows kisakuzi cha Safari, hata wale ambao hawakuwa nacho, na alama ya kukubali ilikuwa imekwisha kuwekwa. Mwaka 2016 Microsoft nayo iliwasukuma wenye Windows za zamani wahamie Windows 10 kwa namna iliyozua kelele: mtu akibonyeza alama ya X kufunga tangazo, mashine ilihesabu kwamba amekubali. Mfanyabiashara mmoja wa California, aliyesema kompyuta yake iliharibika kwa kuhamishiwa Windows 10, alishtaki akapata dola 10,000. Na Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watu kukuta mafaili yao yamefutika.

Hapo ndipo penye uzito, ndugu zangu. Mfumo huu uliwafaa watu wanaolipia intaneti kwa mwezi, watumie wasitumie. Kwa anayenunua megabaiti kwa shilingi, kila pakuo la kimyakimya ni mkono mfukoni mwake. Na aliyeudhika hufanya kosa kubwa zaidi: huzima kila kitu, mlinzi na mchuuzi pamoja, akabaki na nyumba isiyo na komeo.

Mimi nasema tuwatenge. Katika Windows 10 na 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tafuta orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine. Wasaidizi wa printa, wa muziki, wa michezo, wengi wao hawana haja ya kuamka kila asubuhi. Wazime, na programu zenyewe utazifungua unapozihitaji. Wa kinga ya virusi usimguse. Kisha, katika mipangilio ya mtandao, iambie mashine kwamba intaneti yako ni ya kupimwa. Itaahirisha mapakuo mengi makubwa. Siku ukipata mtandao usiopimwa, ifungulie ichukue viraka vyake, na usiku huo usiizime katikati ya kazi.

Ila tusidanganyane kwamba hayo yanatosha. Mnunuzi kulazimika kuwinda ndani ya orodha ili ajue nani anakaa nyumbani mwake ni dalili kwamba mtumishi amegeuka bwana. Kampuni zingetenganisha kiraka cha usalama na tangazo la biashara, watu wachache mno wangekizima kiraka. Mlinzi anayeingia na bidhaa za kuuza asishangae akifungiwa nje, na hasara ya kumfungia itatuangukia sisi tunaolala ndani.