Asha Aliyepandishwa Treni

Jioni, pale Cheyo mjini Tabora, chini ya mwembe, fundi redio anamalizia kuchomea waya wa spika. Ili aijaribu kazi yake anaweka "Dada Asha" ya Tabora Jazz. Mama muuza karanga anayepita na sinia kichwani anapunguza mwendo, anaitikia mpaka kiitikio kinakwisha, ndipo anashika njia yake.

Mtunzi wa wimbo huu, Shem Ibrahim Karenga, hakuzaliwa Tabora. Alitoka Kigoma, akaanza muziki na Lake Tanganyika Jazz ya huko huko kwao, na katika miaka ya 1970 akajiunga na Tabora Jazz. Njia aliyoijia ilikuwa imekwisha kuchongwa na miguu ya watu kabla yake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa iliandama njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani huku wakiimba, maana safari ya miezi haiendi kimyakimya. Miembe inayotupa kivuli Tabora ni kumbukumbu ya misafara hiyo, na ya watumwa waliopitishwa humo kwa nguvu.

Baada ya misafara ikaja beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na vyeo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wakaisambaza bara. Kwa hiyo neno "jazz" lilipofika Tabora lilikuta mji uliokwisha kuzoea vikundi, mashindano na ala za kigeni. Wanamuziki wetu hawakulichukua kwa maana ya New Orleans. Kwao jazz ilikuwa bendi ya dansi: magitaa, ngoma, saksafoni ikipatikana. Muziki wenyewe ulikuwa na damu ya Cuba iliyokuja kwenye santuri zilizoitwa GV, na ya Kongo, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika.

Tabora iliitendea haki jazz hiyo. Kiko Kids walikuwa hapa na mtindo wao wa Kiko. Western Jazz ya Iddi Nhende, iliyokaa Dar es Salaam na kupiga Saboso, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, yaani huku kwetu. Tabora Jazz wakaja na Segere Matata. Enzi hizo bendi bila mtindo ilikuwa kama mtu asiye na ukoo, na shabiki alijua mtindo kabla hajajua jina la mwimbaji. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyowafikisha kila kijiji chenye betri.

Ukiniuliza kwa nini "Dada Asha" ndio uliobaki mdomoni mwa watu, nitakuonyesha neno la kwanza la jina lake. Kumwita mwanamke "dada" ni kuingia uani kwa hodi. Ni neno la dukani, la kisimani, la behewa la daraja la tatu, ambalo mtu asiyekufahamu analitumia pasipo kukuvunjia heshima. Kila mtaa wa Tabora una Asha wake, na kila Asha ameshaitwa hivyo. Karenga hakutafuta jina la mbali. Naamini huo ndio ufundi wake mkubwa, kuliko hata gitaa.

Baadaye alihamia Dar es Salaam, akaiongoza MK Beats na mtindo wa Tunkunyema. Alifariki mwaka 2014.

Mwenye redio amefika kuichukua. Fundi hamwambii kwamba spika imepona. Anaurudisha wimbo mwanzo, anaongeza sauti, na kumsogezea kigoda.