Gemu Zilizoanzia Daftarini

Mwaka 1952 Alan Turing alicheza chesi na Alick Glennie kule Manchester. Turing na rafiki yake David Champernowne walikuwa wameunda programu ya chesi tangu 1948, lakini hawakuwa na kompyuta ya kuiendesha. Ikabidi Turing mwenyewe awe kompyuta: anasoma sheria zake karatasini, anapiga hesabu kwa mkono, kisha anasogeza kete. Kila hatua ilichukua kama nusu saa. Programu ilishindwa, lakini ilikuwa imecheza.

Kongo pale Kawangware, au Kibera, hadithi hii haihitaji maelezo marefu. Mtaani unaweza kuzijua gemu miaka mingi kabla ya kugusa kibodi. Unalipa kibanda cha PlayStation, pesa ikiisha unabaki mtazamaji. Nyumbani kuna daftari la hesabu, lile la miraba. Mraba uliopakwa wino ni ukuta, X ni adui. Rafiki anasema, "Naenda kulia." Mwenye daftari anajibu, "Umegonga ukuta, umebakisha maisha mawili." Wakati huo yeye ndiye kompyuta.

Na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Rafiki akiuliza, "Na nikikaa tu hapa kwa kona, adui atanifikia aje?" sheria imepatikana na shimo. Karatasini unaliziba kwa raba. Kwenye kodi, shimo hilo hilo linaweza kukumalizia wiki. Ndiyo maana hata Nintendo, waliokuwa na mashine, walichora hatua za Super Mario Bros. ya 1985 kwenye karatasi ya miraba kwanza.

Kibera imeona pia kinyume chake. Mwaka 2012 UN-Habitat na Mojang, waundaji wa Minecraft, walianzisha ushirikiano wa Block by Block, na uwanja wa michezo wa Silanga ukawa kati ya majaribio ya mwanzo. Safari hii gemu ndiyo iliyokuwa daftari: wakazi wanapanga uwanja kwenye skrini kabla haujajengwa.

Historia ya gemu za Kenya huwa inataja The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, 2007. Ni haki yake. Lakini historia hiyo huhesabu tu kile kilichowahi kuwashwa. Gemu za daftarini hazina tarehe wala jina la mtunzi, na madaftari ya zamani tunajua yanakoishia: kufungia njugu.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kodi kwa shule za msingi. Shule ambayo bado inangoja kompyuta inaweza kuanza na daftari la miraba, watoto wawili wawili, mmoja mchezaji na mmoja mashine. Cha muhimu ni kuandika jina na tarehe kwenye jalada, halafu kulificha mbali na muuza njugu.