Mwanamke Aliyesema Kwanza, na Rabi Aliyemtetea

Kila Sabato ya wiki ya Pasaka, jumuiya nyingi za Wayahudi husoma kitabu ambacho jina la Mungu halitajwi waziwazi: Wimbo Ulio Bora. Una sura 8, aya 117, na anayefungua kinywa kwanza ni mwanamke. Hangoji kuposwa. Anamtaja amtakaye, anazunguka mjini usiku kumtafuta, walinzi wanampiga, naye hanyamazi. Sauti ya mwisho kitabuni pia ni yake.

Wamisri wa kale walikuwa na nyimbo za mapenzi kama hizo kwenye mafunjo. Waebrania ndio walioweka zao kati ya maandiko matakatifu, na haikuwa bila ugomvi.

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa mnamo mwaka 200 BK, imeuhifadhi ugomvi huo. Marabi waliuliza: je, gombo hili hunajisi mikono? Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya andiko takatifu. Wengine walisita. Shimon ben Azzai akaleta kauli aliyoipokea kwa wazee 72 kwamba ni takatifu. Hapo Rabi Akiva akawaka: hakuna Mwisraeli aliyewahi kuupinga Wimbo, na katika maandiko yote huu ndio mtakatifu kupita mengine. Akiva huyohuyo aliwalaani walioughani kwenye nyumba za karamu. Kwake, wapendanao hao walikuwa Mungu na Israeli.

Mbona yeye ndiye aliyeutetea kwa moto hivyo? Talmud, mkusanyo wa baadaye wa marabi, inasimulia kwamba alikuwa mchungaji wa tajiri Kalba Savua, na binti wa tajiri ndiye aliyeanza: nikikubali kuwa wako, utakwenda kusoma? Akakubali, wakaoana kwa siri, na baba akamnyima binti mali. Akiva aliporudi kutoka masomoni na wanafunzi 24,000, walitaka kumsukuma mkewe kando. Akawazuia: elimu yake na yao ilikuwa mali ya mwanamke huyo. Naamini mtu aliyependwa hivyo, kwa neno lililosemwa wazi, asingeweza kuuona Wimbo kuwa aibu.

Wakristo nao waliusoma kwa mafumbo. Mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri mara 86 juu yake, akafa mwaka 1153 akiwa ameanza tu sura ya 3. Huko Hispania, mtawa Luis de León alifungwa kuanzia 1572 hadi 1576, kosa mojawapo likiwa kuutafsiri kwa Kihispania.

Biblia zetu za Kiswahili zinao, lakini mimbarini hausikiki sana. Binti anaambiwa heshima ni kungoja aposwe, na anayemwambia hivyo ameshika kitabu hichohicho mkononi.