Akiba hii inaoza: historia fupi ya maili za ndege zilizobaki kwenye kadi yako

Zamu za usiku zilinibana, ndiyo maana kimya kilikuwa kirefu. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu huku ughaibuni tunacho na hatukiangalii: zile pointi za ndege zinazobaki baada ya safari.

Unajua inavyokuwa. Umekwenda nyumbani Desemba, umerudi, kwenye kadi yako zimeingia maili elfu kadhaa. Hazitoshi tiketi ya Dar, hazitoshi Nairobi. Unasema ziache zikae, zitaongezeka. Unaendelea na kubeba boksi, miaka miwili mitatu inapita, siku unayozikumbuka unakuta sifuri. Au unakuta zipo zote, ila tiketi iliyokuwa ya pointi fulani sasa inataka karibu mara mbili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Jamani, hii inaoza, na ukiifuatilia historia yake utaona kwamba ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo. Tuianze mbali kidogo, kabla hata ya ndege.

Mambo yalianza na stempu

Mwaka 1896 huko Marekani, Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha kampuni ya kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Ukinunua bidhaa, mwenye duka anakupa stempu kadhaa, unazibandika kwenye kijitabu nyumbani, kijitabu kikijaa unakwenda kubadilishana na sufuria, taa au blanketi. Duka linapata mteja asiyehama, wewe unapata sufuria. Na ile kampuni ya stempu? Yenyewe ilishalipwa na duka siku nyingi, na kila kijitabu kilichosahaulika kwenye droo kilikuwa faida tupu kwake.

Hapa Uingereza mchezo huo uliletwa na Richard Tompkins mwaka 1958 kwa jina la Green Shield. Tesco waliingia mwaka 1963. Sisi tunaouguza wazee wa hapa tunayasikia haya wodini: bibi wa miaka 85 anakusimulia jinsi mama mkwe wake alivyopata pasi kwa vijitabu vya stempu, utadhani ni jana. Mwaka 1973 Tompkins huyo huyo aliyageuza maduka yake ya kubadilishia stempu kuwa Argos, mnayoifahamu wote, watu wakanunua kwa fedha taslimu. Mwaka 1977 Tesco walijitoa kwenye stempu ili wapunguze bei. Nani alibaki na vijitabu nusu nusu visivyojaa? Mteja.

Kumbukeni hicho kijitabu kisichojaa, maana ndicho tunacho sisi leo kwenye simu.

Ndege zinaingia

Kabla ya mwaka 1978, serikali ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli za ndege za ndani na nani aruke wapi. Mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, yakawa yanashindana kwa chakula na tabasamu. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Ghafla kila shirika likawa huru kupanga bei, nauli zikashuka, na abiria naye akawa anakwenda popote penye nafuu. Mashirika makubwa yakaogopa: huyu tutamfunga kwa kamba gani?

Jibu lililoenea dunia nzima lilitoka kwa American Airlines tarehe 1 Mei 1981, likaitwa AAdvantage. Wengine walishajaribu kabla yao kwa udogo, lakini American walikuwa na silaha ya ziada, kompyuta. Mtambo wao wa kuhifadhi tiketi, Sabre, ulikuwa na kumbukumbu za abiria, wakatafuta namba za simu zilizojirudia mara nyingi na kwa njia hiyo wakawajua wateja wao wazuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wao daftari walikuwa nalo. United walijibu ndani ya siku chache, Delta na TWA wakafuata mwaka huo huo.

Mwanzoni jambo lilikuwa rahisi: umeruka maili moja, umepata maili moja. Viti vyenyewe vilikuwa vile ambavyo vingeruka vitupu, kwa hiyo kumpa mtu kiti cha namna hiyo hakukuligharimu shirika fedha nyingi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1987, American waliposhirikiana na benki ya Citibank kutoa kadi ya mkopo inayozaa maili. Kuanzia hapo si lazima upande ndege, ukinunua maziwa unapata maili. Mwaka uliofuata, 1988, Keith Mills alianzisha Air Miles hapa Uingereza, watu wakawa wanazipata kwenye mafuta ya Shell na kadi za NatWest. Benki inanunua maili kwa shirika la ndege kwa fedha halisi, leo hii, halafu inakugawia wewe. Shirika linapokea fedha sasa na kuahidi kiti baadaye.

Kwa Kiswahili cha kawaida hilo ni deni. Shirika linadaiwa na wewe ndiye mdai. Tofauti na madeni mengine ni moja tu: mdaiwa ndiye anayepanga shilingi yake ina thamani gani, na anaweza kubadili wakati wowote.

Mdaiwa anabadilisha bei

Mwaka 1988 American walibadilisha masharti, wakaweka tarehe ambazo maili hazitumiki na kupunguza viti, hata kwa maili ambazo watu walishazikusanya. Wateja wakaenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na ikaamuliwa Januari 1995: wateja hawawezi kutumia sheria za jimbo za kumlinda mlaji dhidi ya shirika la ndege, ila wanaweza kudai kwamba mkataba umevunjwa. Sawa, lakini mkataba wenyewe aliuandika nani? Mwaka 2014 ikaja kesi nyingine, ya rabi aliyefutiwa uanachama na Northwest kwa madai kwamba analalamika mno. Mahakama hiyo hiyo iliamua dhidi yake, majaji wote kwa kauli moja.

Basi bei zikawa zinabadilika bila kelele. Februari 2015 Delta waliondoa kabisa jedwali lililokuwa likionyesha safari fulani ni maili ngapi. United wakafanya hivyo mwaka 2019. Siku hizi kwenye mashirika mengi bei ya pointi inapanda pamoja na bei ya fedha, na kukusanya nako kumegeuka: tangu Oktoba 2023 British Airways wanahesabu pauni ulizolipa, si umbali uliokwenda. Sisi tunaotafuta tiketi ya bei poa ya kwenda mbali, hesabu hiyo haikututazama.

Na shirika likifa? Inategemea bahati. TWA walipochukuliwa na American mwaka 2001, wanachama wao walihamishiwa upande wa pili na maili zao. Mwaka huo huo, Septemba, Ansett ya Australia ilianguka, na pointi za wateja zikaanguka nayo.

Wakati wa korona ndipo tulipoona ukubwa wa hiki kitu. Mwaka 2020 ndege zimepaki, hakuna abiria, United na Delta wakakopa mabilioni ya dola kwa kuweka rehani mipango yao ya maili, Delta peke yao dola bilioni 9. Mwaka 2021 American nao wakachukua dola bilioni 10 kwa njia hiyo. Yaani vile vipointi unavyoviacha kwa kusema "hivi havina maana", wenzako wamevipeleka benki wakapewa mkopo!

Sasa zilizobaki uzifanyeje?

Historia hiyo inatufundisha jambo moja: hii si akiba ya kuzeesha. Itumie mapema. Nimegawa katika hatua, kama tunavyofanya na mgonjwa anayeingia.

*Kwanza, pima.* Ingia kwenye akaunti zako zote, andika mahali pamoja una pointi ngapi na zinakufa lini. Masharti yanatofautiana. Avios hufa zikikaa miezi 36 bila kuongezeka wala kutumika, kwa hiyo hata muamala mdogo unazipa uhai. Flying Blue ya KLM na Air France ni miezi 24. Skywards ya Emirates ni miaka 3, na hizo hata ukiendelea kuruka, za zamani zinakwisha tu. Soma masharti ya kwako leo, maana kama ulivyoona, hubadilika.

*Pili, jua thamani.* Chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano: tiketi ni pauni 90, kwa pointi ni 7,000 pamoja na tozo ya pauni 20. Umeokoa pauni 70, sawa na peni 1 kwa kila pointi. Ukipewa blenda ya pauni 20 kwa pointi hizo hizo, umepata kama theluthi ya peni. Hapo hakuna haja ya kuwa profesa.

*Tatu, unganisha.* Baba ana elfu nne, mama elfu sita, watoto wana elfu mbili mbili zinazolala. British Airways, Emirates na Flying Blue zote zina utaratibu wa familia kuweka pointi kwenye mfuko mmoja. Tangu mwaka 2022 Qatar Airways nao wanatumia Avios, na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti ya British na ya Qatar moja kwa moja bila kupoteza. Kwa Watanzania hili ni muhimu, kwa sababu British haiendi tena Dar, wakati Qatar inakwenda Dar, Kilimanjaro na Zanzibar.

*Nne, usiulize kama zinatosha nyumbani tu.* Pointi chache ambazo hazifiki Dar zinaweza kukupeleka kwa dada yako Amsterdam au kwenye harusi Dublin, na safari fupi mara nyingi ndiyo inayotoa thamani nzuri. Wenye watoto wakumbuke pia kwamba ile kodi ya abiria ya Uingereza haitozwi kwa mtoto chini ya miaka 16 kwenye daraja la kawaida, tangu mwaka 2016. Kwa hiyo tiketi ya mtoto kwa pointi huwa na tozo ndogo zaidi.

*Tano, zisipofaa kabisa, zile.* Tangu Januari 2021 Avios zinaweza kugeuzwa kuwa Nectar, ukaenda nazo Sainsbury's. Thamani ni ndogo kuliko ya tiketi, lakini mkate na maziwa ni bora kuliko sifuri. Mashirika mengi pia yanapokea pointi kama mchango kwa hisani.

*Sita, usinunue pointi za kujazia* kabla ya kupiga ile hesabu ya hatua ya pili. Bei wanayokuuzia mara nyingi ni kubwa kuliko utakachopata.

Jambo la mwisho, na ndilo zito

Mimi ni nesi, kwa hiyo mtanisamehe. Mipango mingi imeandika wazi kwamba pointi si mali ya mwanachama. Mwaka 2013 Delta waliondoa ruhusa ya kurithisha maili baada ya kifo. Wengine huruhusu wakipenda wao, kwa kuwasilisha cheti cha kifo. Maana yake ni kwamba kwenye mirathi, nyumba itagawanywa, shamba litagawanywa, na zile maili laki moja alizokusanya marehemu kwa miaka 20 ya kwenda na kurudi huenda zisimfikie mtu.

Ninafahamu wanaozitunza kwa ajili ya ile simu. Wote tuliopo huku tunaijua: simu ya saa tisa usiku kutoka nyumbani, ambayo kabla hujaipokea moyo umeshajua. Tiketi ya kesho yake ni ghali, na pointi zimewahi kuwaokoa wengi siku hiyo. Ukiamua kuzitunza kwa sababu hiyo, zitunze kwa macho: weka za kutosha safari moja ya kwenda, hakikisha hazifi, na mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba jinsi ya kuzitumia, maana siku hiyo wewe mwenyewe hutaweza hata kukumbuka neno la siri.

Lakini zile za ziada, mpelekee mama. Mlete aone unapoishi, au nenda umwone akiwa bado anakufungulia mlango mwenyewe. Katika kazi yangu nimekaa na wengi waliosafiri haraka kwenda kuzika, na sijamsikia hata mmoja akijuta kwamba alikwenda kusalimia mapema mno.

Nawatakia wiki njema, na safari njema kwa wanaokwenda.