Mbinu ya ujenzi huamua mkazo ndani ya daraja la zege

Julai 6, 1998, daraja la Injaka lililokuwa likijengwa katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, liliporomoka na kuua watu 14. Lilikuwa bado halijafunguliwa kwa magari.

Injaka, lenye urefu wa mita 300, lilikuwa la aina ya boriti ya sanduku: zege lenye uwazi ndani, sakafu juu na chini, na kuta za pembeni zinazofikisha uzito kwenye nguzo. Ndani yake hupitishwa kebo za chuma zilizovutwa kwa nguvu ili kulibana, kwa kuwa zege huhimili kubanwa lakini hupasuka upesi likivutwa.

Daraja likimwagwa lote juu ya jukwaa, hesabu huwa nyepesi: jukwaa likiondolewa, uzito huangukia umbo lililokwisha kukamilika. Juu ya bonde refu au maji ya kina, njia hiyo ni ghali mno.

Injaka lilijengwa kwa kusukumwa, mbinu ambayo Mjerumani Fritz Leonhardt na mwenzake Willi Baur waliitumia katika daraja la mto Caroní, Venezuela, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vipande humwagwa ukingoni, huunganishwa, kisha husukumwa kwa jeki kupita juu ya nguzo. Ugumu wake ni kwamba sehemu ile ile ikiwa juu ya nguzo huvutwa upande wa juu, na ikifika katikati ya nguzo mbili huvutwa upande wa chini. Kwa hiyo kebo za wakati wa kusukuma hulazimika kuibana sehemu yote karibu sawasawa, na mbele hufungwa pua ya chuma, nyepesi, ili iwahi nguzo inayofuata.

Pale Injaka, egemeo za muda hazikukaa chini ya kuta bali ndani kidogo, chini ya sakafu nyembamba, nazo zikaitoboa. Mhandisi aliyelisanifu alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Mbinu nyingine ni ya mikono, iliyoenezwa na Ulrich Finsterwalder wa Ujerumani. Vipande huongezwa pande mbili za nguzo kama mizani hadi mikono ya nguzo mbili ikutane. Wakati huo mvuto wote uko juu, penye nguzo. Mikono ikishaunganishwa, zege huendelea kunywea na kulegea kwa miaka, na sehemu ya mzigo huhamia katikati. Asiyelihesabu hilo ataona nyufa mahali ambapo siku ya ufunguzi palikuwa salama.

Daraja la Koror, Palau, lilijengwa hivyo mwaka 1977, likiwa na uwazi wa mita 241, ila mikono yake ilikutana kwenye bawaba. Kufikia miaka ya 1990 katikati palikuwa pamebonyea zaidi ya mita moja. Mwaka 1996 bawaba iliondolewa na kebo zikaongezwa, yaani mgawanyo wa mkazo ukabadilishwa upya katika daraja la miaka 19. Septemba 26 mwaka huo huo lilianguka na kuua watu wawili. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu chanzo. Daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa mwaka 2002.