Hesabu Moja, Vitabu Vingi

Ukifika Sangailu, kusini mwa Garissa, utawaona wafugaji jioni wakihesabu ng'ombe wao. Akikosekana mmoja, hawalali mpaka apatikane. Je, taifa lihesabupo watu, lifae kuwa na uangalifu mdogo kuliko huo?

Mwaka 1999 Mkoa wa Kaskazini-Mashariki ulihesabiwa watu 962,143. Mwaka 2009 zikaandikwa nafsi 2,310,757. Serikali ikashuku, na tarehe 31 Agosti 2010 ikatangaza kuwa hesabu za wilaya 8, za huko na za Turkana, zirudiwe. Wenyeji wakapinga, shauri likafika mahakamani. Kisha hesabu ya 2019 ikaonyesha watu 2,490,073 katika Garissa, Wajir na Mandera. Ongezeko dogo mno kwa miaka kumi.

Fikiri sasa, msomaji. Tarakimu haikai peke yake. Tarehe 8 Julai 2011 Kenya ilifungua takwimu zake kwa umma katika intaneti, na tangu hapo jedwali moja huweza kunakiliwa katika jingine: la shule, la zahanati, la mgao wa fedha. Kosa la chanzo hupita kote. Na chanzo kisahihishwapo, nakala huenda zikabaki na kosa lile lile.

Basi kila tarakimu na iandikwe pamoja na asili yake, tarehe yake na shaka yake. Kwani mtoto asiyehesabiwa hajengewi darasa. Na aliyehesabiwa mara mbili amechukua dawati la mwenziwe.